Kiputo cha Ukurasa wa Mwisho

*Kikaratasi kilichoachwa juu ya meza ya kuchorea*

Koenji, Tokyo
Jumatano, 19 Februari 1992, saa nne asubuhi

Bi Orie,

Nimebisha hodi mara tatu. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Nimekukuta umelala kifudifudi mezani, kalamu bado mkononi, wino umekupaka shavu zima. Sikuwa na moyo wa kukuamsha, maana siku tatu bila usingizi si mchezo. Kurasa zote thelathini na mbili za hadithi yako ya katuni nimezihesabu, zimetimia, nazikimbiza kiwandani. Mitambo inatungoja sisi tu.

Jambo moja. Yale maneno ya penseli uliyomwandikia kijana wa hadithi kwenye kiputo cha maneno cha ukurasa wa mwisho ni mengi na ni mazito mno. Kijana anaaga kwenye jukwaa la treni, halafu anamwaga yote hayo! Nitakupigia simu mchana tuyapunguze kabla wapiga chapa hawajabandika karatasi ya herufi juu yake.

Unawe uso.

Hamura, mhariri wako

*

Kituo cha Kitakami
19 Februari 1992, jioni

Mwalimu,

Najua hupendi nikuite hivyo, lakini msaidizi humwita mchoraji wake mwalimu, hata kama mwalimu mwenyewe ni mdogo kwangu kwa miaka miwili na hajui kupika wali.

Nimekwama hapa nangoja treni ya kwenda kwetu Yokote. Reli imejaa theluji. Mama kanipigia simu tena jana: Baba analishwa kwa kijiko, upande wake wa kulia umekufa, na zile figili za moshi ziko kwenye mapipa zinangoja mtu wa kuzitoa. Mimi ndiye kifungua mimba na ndiye mwanamume pekee. Kwa hiyo ile "nakwenda wiki mbili tu" niliyokuambia haikuwa kweli, nadhani ulijua.

Asubuhi nilipomaliza theluji ya ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshalala. Nikakutupia koti mabegani, nikapanga kurasa, nikaondoka bila kuaga. Ningekuamsha ningelia, na mtu mzima akilia na begi mkononi haipendezi.

Unakumbuka kwamba kila hadithi nakuachia kitu cha kutafuta kwenye michoro yangu ya majengo nyuma ya wahusika wako? Soksi moja kwenye kamba ya nguo, paka kwenye dirisha la ghorofa ya tatu. Miaka mitatu hujawahi kushindwa kukipata. Basi safari hii nimeacha kikubwa kuliko vyote, na kiko ukurasa wa mwisho. Utazame vizuri kabla hujampa Hamura. Ukishakiona, niandikie umeonaje. Unajua mdomo wangu ulivyo mzito. Nalisubiri jibu lako kuliko unavyodhani.

Nobutaka

*

Koenji
24 Februari 1992

Wee Nobu,

Nimekiona! Ulidhani kitanipita? Niliuchukua ule ukurasa nikausogeza dirishani, nikautazama weee, mpaka Hamura akaanza kutazama saa na kukohoa. Nilipokiona nilicheka peke yangu hadi mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Mtu mzima na mambo ya kitoto! Utakua lini?

Haya, tuongee ya kazi. Lile neno la mwisho la kijana tumelibadilisha, mimi na Hamura, kwa simu. Alinipigia akiwa kiwandani, mitambo inanguruma nyuma yake, anapiga kelele kwamba maneno ni mazito. Nikamwambia hata mimi nayaonea aibu. Kweli, Nobu, nilipoyafikiria mchana kweupe niliona msichana yeyote mwenye akili zake angeyakimbia. Kwa hiyo sasa kijana anasema "Jitunze huko," basi. Treni inaondoka. Hamura anasema ndiyo hadithi yangu bora.

Baba yako vipi? Mwambie mama yako pole. Kiti chako bado kipo pale pale na kile kikombe chako chenye ufa nimekiweka juu ya kabati nisije nikakivunja. Wiki mbili au wiki ishirini, mimi sijui, wewe ndiye unayejua.

Orie

*

Yokote
8 Machi 1992

Bi Tachikawa,

Barua yako ilifika tarehe 26. Niwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Baba ameanza kukaa mwenyewe kitandani, na jana aliita jina langu, ingawa alikuwa anamtazama daktari.

Nimeelewa yote uliyoandika. Ni kweli yalikuwa yamezidi. Nashukuru kwamba umecheka, ni afadhali kuliko kukasirika.

Hapa kazi ni theluji na figili. Asubuhi napanda juu ya paa kuitoa theluji, mchana natoa figili kwenye mapipa. Nanuka moshi mpaka kwenye kope. Nilikuwa pia natengeneza meza, ya mbao za mti wa nyuma ya nyumba, pana, ya kukaa dirishani panapoingia mwanga wa kaskazini. Ilibaki kupigwa msasa tu. Sasa sijui ya kazi gani. Mama anasema itafaa kukatia figili.

Jana Jumamosi nilikwenda kituoni kumpokea mgeni wa treni ya saa nane mchana. Nilijua haji, alikwisha kunijulisha, lakini miguu ilikwenda. Treni ilichelewa dakika arobaini. Wakashuka vikongwe wawili na mtu wa posta. Nikambebea kikongwe mmoja mzigo wake, nikarudi nyumbani.

Nakutakia mafanikio katika kazi zako.

Sugawara Nobutaka

*

Koenji
22 Machi 1992

Nobu,

Bi Tachikawa ndiye nani? Mama yangu? Miaka mitatu umekula tambi kwenye sufuria yangu, leo unaniita kwa jina la ukoo na kuniandikia kama unaomba kazi serikalini. Nimekukosea nini?

Na huyo mgeni wa kituoni ni nani? Usinijibu. Si kazi yangu kujua unampokea nani.

Gazeti limetoka, nakutumia nakala. Kadi za kura za wasomaji zimeanza kurudi, na hadithi yetu ya kituoni imeshika nafasi ya pili! Hamura kaniletea keki. Msichana mmoja wa Nagoya kaandika kwenye kadi yake: "Kwa nini kijana hakumwambia waende wote? Nimelia darasani." Hamura alifurahi, anasema wakilia ndiyo wananunua. Mimi niliisoma ile kadi mara nyingi, sijui kwa nini.

Nimepata msaidizi mpya, binti anaitwa Kuwabara. Anachora vizuri na rula. Majengo yake yamenyooka, madirisha yamenyooka, na hakuna mtu hata mmoja aliyeanika nguo. Nilimwambia, dada, huu mji wanaishi watu. Akaniuliza aniwekee nguo ngapi. Nimeanza kuacha nyuma ya wahusika peupe. Wapenzi wa hadithi zangu siku hizi wanasimama mahali pasipo na kitu.

Sikuombi urudi. Nakuambia tu hali ya kazi ilivyo.

Orie

*

Yokote
14 Juni 1992

Bi Tachikawa,

Asante kwa gazeti. Nimeliona neno lililochapwa. Limekaa vizuri. Nililisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikalisoma tena nimekaa. Mpaka nilipoliona kwa macho yangu nilikuwa bado na kaujinga fulani ka kutumaini. Sasa kameisha.

Shangazi yangu ameleta picha. Unajua shangazi wa huku, akimwona mwanamume ana miaka ishirini na tisa na bado anafuliwa na mama yake, hapati usingizi. Binti anaitwa Kazue, anafundisha watoto wa chekechea, mji wa jirani. Kwenye picha amevaa kimono na ametabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Wanataka tukutane Jumapili ya tarehe 28, wazazi wa pande zote mbili, kwenye mkahawa wa hoteli.

Mama anasema Baba angependa kuona. Hasemi kuona nini.

Naomba ushauri wako, wewe ndiye unayeandika mambo ya mapenzi kila mwezi na wasichana wa nchi nzima wanakusikiliza. Niende? Ukisema nisiende, siendi, na sitakuuliza sababu.

Nobutaka

*

Koenji
21 Juni 1992

Nobu,

Unaniuliza mimi! Mimi mapenzi yangu yote yana kurasa thelathini na mbili na yanaisha mwisho wa mwezi.

Msichana wa hadithi zangu angepanda treni ya kwanza, angeingia kwenye huo mkahawa na viatu vya matope na kusema usiende. Lakini yule hana mama mwenye nyumba wala hana kurasa za kupeleka Ijumaa, na mimi ndiye ninayemchorea ujasiri. Kwa kawaida watu hawafanyi hivyo.

Nenda. Kama unahitaji kuniuliza mimi, basi moyoni umekwisha kukubali. Vaa ile tai ya bluu, siyo ya kahawia, ya kahawia inakufanya uonekane mgonjwa. Msaidie binti wa watu asiogope. Mfanye acheke, unaweza ukitaka.

Kikombe chako kimevunjika. Kuwabara alikiangusha akitafuta chai. Nimemwambia hakuna neno.

Orie

*

*Kadi ya posta yenye picha: mtoto mchanga ndani ya blanketi la njano*

Yokote, 1 Januari 1994

Heri ya Mwaka Mpya. Tunashukuru kwa wema wenu wote wa mwaka uliopita, tunaomba uendelee mwaka huu.

Mwezi wa kumi tumejaliwa binti, jina lake Mitsuho. Baba aliwahi kumpakata kwa siku ishirini kabla hajafariki.

Sugawara Nobutaka na Kazue

*(Chini, kwa kalamu ya mkono:)* Naendelea kuzisoma hadithi zako. Bado nyuma ya wahusika ni peupe.

*

Koenji
17 Novemba 2005

Nobu,

Miaka yote hii tumetumiana kadi za mwaka mpya tu. Najua umri wa binti yako kwa picha, na wewe unajua sijahama kwa sababu anwani ni ile ile. Leo nakuandikia barua kamili. Kaa chini kwanza. Kama Kazue yupo karibu, mwachie naye aisome, sina cha kumficha.

Kuna jumba la maonyesho limeniomba kurasa halisi za hadithi zangu za zamani. Kampuni ya gazeti iliponirudishia maboksi sikuwahi kuyafungua, yalikaa tu juu ya kabati pale kilipokuwa kikombe chako. Jana nikayashusha. Unajua zile karatasi za herufi wanazobandika kwenye viputo, gundi yake ikizeeka inakauka na kuwa rangi ya chai. Nikaunyanyua ukurasa wa mwisho wa hadithi ya kituoni, karatasi ya "Jitunze huko" ikadondoka yenyewe miguuni kwangu.

Chini yake kuna mwandiko wako.

Mwanzoni sikuelewa. Mimi pale niliandika "Nitakusubiri hata miaka kumi." Nikawasha taa ya meza, nikaona alama za kifutio, nikaona uliyafuta maneno yangu ukaandika ya kwako. Nayanakili hapa ujue nimeyasoma, safari hii kweli:

"Njoo tukaishi wote. Kwetu theluji ni nyingi, ila meza yako nitaiweka dirishani. Jumamosi tarehe saba, treni ya saa nane, nitakuwa kituoni. Usipokuja nitakuwa nimejibiwa."

Nobu, sikuuona ule ukurasa. Nilikuwa nimelala. Hamura aliingia akazichukua kurasa mimi nimelalia meza, akaniachia kikaratasi. Barua yako ilinifikia kurasa ziko kiwandani zamani. Mimi nikaona aibu. Mchoraji gani anaachia kazi yake iondoke bila kuitazama? Nikaogopa utaniona mzembe, wewe uliyekesha siku tatu kwa ajili yangu. Nikajiambia ni paka tu, au soksi, nitakitafuta gazeti likitoka. Nikakuandikia kwamba nimekiona na nimecheka. Gazeti lilipotoka nikamkuta paka juu ya paa la kituo, nikasema ndiye huyu, mambo yameisha.

Na maneno niliyoyaonea aibu kwenye simu yalikuwa yangu. Yangu, Nobu! Hamura alidhani yote yale ya penseli ni ya kijana wa hadithi, na mimi nilidhani anazungumzia ya kwangu. Hakuna aliyeyafunika ya kwako kwa kujua.

Miaka kumi na mitatu umekuwa ukiamini kwamba ulinitaka na mimi nikakucheka. Hilo ndilo lililonifanya nikalie sakafuni jana kama mtoto. Ulikwenda kituoni. Uliniandikia kwamba umekwenda, treni imechelewa dakika arobaini, na mimi nikawa na wivu juu ya huyo mgeni! Nilimchukia kwa miezi. Ulipoomba ushauri nilichana barua tatu zilizosema usiende, nikatuma ya nne.

Ningekuja. Nataka ulijue hilo, halafu ulifanye unavyotaka. Ningekuja na hiyo hiyo treni, na ningekuja na begi dogo kwa sababu nisingekuwa na akili ya kupanga nguo.

Sikuandikii ili chochote kibadilike. Sijaolewa, lakini si kwa ajili yako, usijipe ukubwa. Nilikuwa na kazi, na wanaume niliokutana nao wote walichora madirisha vibaya. Nakuuliza jambo moja tu. Wale wa maonyesho walipiga simu leo asubuhi, nikaropoka kuhusu karatasi iliyodondoka, na sasa wanautaka ukurasa wa mwisho kuliko zote. Wanasema maneno ya penseli yakionekana watu watapenda. Ni mwandiko wako. Nifanye nini nao?

Orie

*

Yokote
3 Desemba 2005

Mwalimu,

Barua yako niliisomea kwenye nyumba ya moshi. Mwezi huu figili ndiyo zinaning'inia juu ya moto, na mtu akitoka mle macho mekundu haulizwi kitu.

Sikumpa Kazue. Si kwa kumficha. Ni mwanamke mwema, na ile siku ya mkahawa wa hoteli alinishika mkono chini ya meza kwa sababu aliona natetemeka, akadhani naogopa wazazi. Sitaki ajue nilikuwa natetemekea nini.

Usijilaumu peke yako kwa ule uongo. Na mimi nilikuwa na barua yako mkononi imeandikwa "tumelibadilisha neno la mwisho." Ningeuliza swali moja tu, mlibadilisha neno gani? Stempu ingetosha. Lakini nilikuwa nimechekwa, au nilidhani nimechekwa, na sisi watu wa huku tukichekwa tunanyamaza na kuita kunyamaza huko adabu. Nilikuita Bi Tachikawa. Na mtu anayetaka mke anamwambia kwa mdomo, hamwandikii kwa penseli kwenye mdomo wa kijana mwingine. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako miaka mitatu. Ulikuwa unasinzia mbele yangu.

Ulisema ungekuja. Nimelisoma, nikalikunja, nikaliweka mfukoni, nikaendelea kugeuza figili. Sijui jambo jingine la kufanya nalo.

Ile meza haikukatiwa figili. Niliimalizia kuipiga msasa mwaka uliofuata, nikaiweka dirishani kwenye mwanga wa kaskazini, na siku hizi Mitsuho anafanyia kazi za shule pale. Ana miaka kumi na miwili. Anachora. Ananunua gazeti lako kila mwezi na hajui kwamba baba yake aliwahi kuchora hata mstari mmoja. Juzi kaniuliza, baba, kwa nini watu wa huyu mama wanasimama peupe, mji wao uko wapi? Nikamwambia nenda ukalale.

Kuhusu ule ukurasa. Maneno yale nilimwandikia mtu mmoja, na ameshayasoma. Kwa hiyo nakuomba: okota ile karatasi ndogo iliyodondoka, uibandike tena mahali pake. Tumia gundi ya siku hizi, ile isiyoachia. Halafu wape waitundike wanapotaka, watu wamwone kijana anavyoaga.

Nimekutumia figili kumi kwa posta. Fungulia dirisha, maana mama mwenye nyumba atalalamika.

Jitunze huko.

Nobu